Kwa Nini Kisima cha Lalago Hakichemki

Mwezi wa sita, saa kumi na mbili asubuhi, nenda kwenye kisima kirefu chochote cha Lalago chenye pampu ya mkono. Hewa ina ubaridi, akina mama wamejitanda khanga mabegani, watoto wameficha viganja kwapani. Pampu inapigwa mara kadhaa, yale maji yaliyolala ndani ya bomba yanamwagwa, kisha yanakuja yanayotoka chini kabisa. Yana uvuguvugu. Mtoto anakinga viganja, anacheka, anajipaka usoni. Rudi hapohapo saa nane mchana, jua likiwa limekaza juu ya mashamba ya pamba, ukinge viganja tena. Maji yaleyale sasa yana ubaridi wa kupendeza. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza: "Mwalimu, nani anakipasha kisima usiku?"

Ni swali zuri, na tukilifuata polepole litatufikisha Japani na kuturudisha nyumbani.

Kwanza tuushitaki mkono. Chukua mabeseni matatu. La kulia tia maji ya moto ya kuoga, la kushoto maji ya mtungini, la katikati changanya nusu kwa nusu. Tumbukiza mkono wa kulia kwenye ya moto na wa kushoto kwenye ya baridi, hesabu taratibu hadi mia, kisha ihamishie yote miwili kwenye beseni la katikati. Mkono wa kushoto utakuapia kwamba maji yale ni ya moto. Wa kulia utakuapia kwamba ni ya baridi. Mikono yote ni yako na beseni ni moja. Ngozi haina habari na nyuzi. Inachojua ni kama joto linaingia au linatoka, na kwa kasi gani. Alfajiri viganja vimepoa, hivyo maji ya kisima yanavipa joto. Mchana viganja vimeshapata moto, na maji yaleyale yanavinyang'anya joto. Kisima hakikubadilika hata kidogo.

Kwa nini hakibadiliki? Udongo ni blanketi zito. Jua la mchana mmoja hupasha uso wa ardhi vikali, lakini ukichimba kiasi cha urefu wa mkono hukuti tena tofauti ya mchana na usiku. Joto la msimu mzima hushuka zaidi, mita kumi hadi kumi na tano, nalo huishia hapo. Chini ya kina hicho ardhi haijui kama ni kiangazi au masika. Imechukua joto la miaka yote, ikalisawazisha, ikabaki na wastani. Ukanda wetu wa Shinyanga na Simiyu una wastani wa nyuzi 23 hivi kwa mwaka. Kwa hiyo hata kabla ya kuchovya kipimajoto kisimani, tunajua kwamba maji yatakuwa karibu na 23, na kama kisima ni kirefu yatazidi kidogo. Hicho "kidogo" ndicho kiini cha makala hii. Tukiweke pembeni kwa muda, twende Japani.

Wenzetu wa Japani wana miji mizima iliyojengwa kuzunguka maji yanayotoka ardhini yakiwa moto. Wanayaita onsen. Wasafiri wanaorudi kutoka miji hiyo husimulia mambo yanayofanana: unavua viatu mlangoni, unapewa vazi jepesi la pamba linaloitwa yukata, na jioni unawakuta wageni wakitembea mitaani na mavazi hayo, viatu vya mbao vikigonga lami, wakitoka bafu moja kwenda jingine. Mji wa Kinosaki unajulikana kwa mabafu saba ya umma ya namna hiyo. Kabla ya kuingia kwenye bwawa unakaa kwenye kigoda, unajisugua na kujisuuza mpaka povu lote liishe, maana bwawa ni la kujiloweka, si la kuogea. Kisha unaingia uchi wa mnyama, wanaume kwao na wanawake kwao, kitaulo umekikunja kichwani. Hapo ndipo msafiri wa Kiafrika husita. Mimi sioni ajabu. Mzee yeyote wa huku aliyekulia kuchunga ng'ombe atakwambia kwamba lambo halikuwa na sare ya kuogelea.

Sasa sikiliza sheria yao. Mwaka 1948 Japani ilipitisha Sheria ya Chemchemi za Moto, nayo inasema hivi: maji yakitoka ardhini na nyuzi 25 au zaidi, ni onsen. Yakiwa chini ya hapo, yanaweza bado kuitwa onsen kama yana kiwango kilichowekwa cha kimojawapo kati ya vitu 19 vilivyoorodheshwa, kama vile salfa au chuma.

Nyuzi 25! Kisima cha Lalago chenye maji ya nyuzi 23 pamoja na kile "kidogo" cha kina kinagonga mlango wa sheria hiyo. Nadhani ningeshinda hata kesi mahakamani Tokyo. Lakini kila mtu anajua kwamba Lalago si mji wa maji moto, kwa hiyo kuna kitu sheria imekidhani bila kukisema. Nacho ni hiki: Tokyo ina wastani wa nyuzi 16 hivi kwa mwaka, na milima yao ina baridi zaidi. Pale, maji yakitoka na nyuzi 25, hayo yamepata joto mahali pengine, jua halikuyafikisha hapo. Kwetu nyuzi 25 ni salamu tu za jua. Basi tuwe na kipimo cha haki kwa wote: maji moto ni yale yanayotoka ardhini yakiwa yameuzidi kwa mbali wastani wa joto la mahali hapo.

Kwa kipimo hicho, Chemka kule Hai, mkoani Kilimanjaro, mahali panapotangazwa kwa watalii kuwa ni chemchemi ya moto, panakosa sifa. Maji yake ya buluu ni mazuri, nayo yanapoza mwili uliotoka juani. Mgeni aliyekuja kujiloweka kwenye moto ataondoka na kisa kingine kabisa.

Turudi kwenye kile "kidogo". Kwa nini kisima kirefu kina joto kuliko kifupi? Kwa sababu joto linapanda kutoka chini. Dunia ilizaliwa ikiwa moto, kwa kugongana kwa vipande vilivyoiunda, na bado haijapoa. Juu ya hapo, ndani ya miamba kuna urani, thori na potasiamu ya aina inayojivunja yenyewe polepole. Kila atomu ikivunjika hutoa chembe ya joto. Chembe moja si kitu. Mlima mzima wa matale kwa mamilioni ya miaka ni jambo jingine. Joto hilo halina pa kwenda ila juu, kwa hiyo ukishuka unalifuata. Mahali pengi duniani, kila kilomita moja ya kushuka huongeza nyuzi 25 hadi 30. Mahali pengine ni pungufu ya hapo: wachimbaji wa dhahabu wa TauTona, Afrika Kusini, walishuka karibu kilomita nne, na mwamba waliougusa ulikuwa na nyuzi 60 hivi. Piga hesabu utaona kwamba ni kama nyuzi kumi tu kwa kilomita. Mwamba ule ni wa kale sana na umepoa. Wa Lalago ni wa ukoo huohuo: sehemu ya bamba la kale la Tanzania lenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Tuseme hapa kwetu kila kilomita inaongeza nyuzi 15 hadi 20. Kisima cha mita 100 basi kinaongeza nyuzi moja na nusu au mbili. Ndicho kile "kidogo".

Bafu la Kijapani huwa na nyuzi 40 hadi 42. Kutoka 23 mpaka 42 ni nyuzi 19, yaani kilomita moja hivi au zaidi kwenda chini. Kwa hiyo moto upo. Uko chini ya Lalago, chini ya Maswa, chini ya Bariadi, chini ya kila kitanda mkoani Simiyu. Kukosa chemchemi si kukosa moto.

Tunakosa nini basi? Fikiria chai. Chai imechemka jikoni, nawe uko barazani hatua hamsini. Ukiletewa kwa kijiko, kijiko kimoja kimoja, kila kijiko kitafika kimepoa. Ukiletewa birika zima, utaunguza ulimi. Maji yanayopanda kutoka kina cha kilomita moja hupita katikati ya miamba inayozidi kupoa kadiri yanavyokaribia juu. Yakijipenyeza kidogo kidogo kwenye vinyweleo vya mwamba, kila hatua mwamba unayanyang'anya joto, na yanafika yakiwa maji ya kawaida. Lazima yapande mengi kwa pamoja na kwa haraka, kupitia ufa. Na kabla ya kupanda lazima yashuke, kwa sababu karibu maji yote ya chemchemi za moto ni mvua iliyozama ardhini, ikaenda chini, ikarudi. Moto, mvua na ufa: kikikosekana kimoja, hakuna chemchemi.

Angalia kwamba sikutaja volkano. Watu wengi hudhani pasipo volkano hapana maji moto, nao wanakosea. Mji wa Bath, Uingereza, hauna volkano hata moja. Mvua inanyesha kwenye vilima vya Mendip, inazama kilomita mbili tatu au zaidi, kisha inapata ufa na kutokea mjini ikiwa na nyuzi 46, zaidi ya lita milioni moja kila siku. Warumi waliyakuta hivyo wakajenga mabafu. Na hapa jirani, Maji Moto ya Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, ipo juu ya bamba lilelile la kale tulilokalia sisi. Wao walipata ufa. Maji yale hutoka na mapovu, na ndani ya gesi yake kuna heli. Heli hiyo inatoka wapi? Kumbuka urani na thori zinazojivunja. Kila zinapotema chembe ya alfa, chembe hiyo ikituliza mwendo na kuokota elektroni mbili, ni atomu ya heli. Ni majivu ya moto uleule unaopasha maji. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza kwamba bonde la Rukwa lina hazina kubwa ya gesi hiyo, nao walianza kwa kukinga mapovu ya chemchemi.

Sasa panda basi. Kuna barabara ambayo kwenye vitabu vya bajeti huandikwa Kolandoto–Lalago–Mwanhuzi–Matala–Oldeani Junction, zaidi ya kilomita 300. Abiria wanaijua kwa vumbi na kwa tope lake. Mimi naipenda kwa sababu nyingine: ni somo la jiolojia lililolazwa chini.

Mwanzo wake, Kolandoto, ni jirani na Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Almasi ni kaboni iliyobanwa kilomita 150 au zaidi chini ya ardhi. Ili kaboni iwe almasi inataka mgandamizo mkubwa, lakini joto lisizidi mno. Likizidi, kaboni inachagua kuwa grafiti, ile ya penseli. Kupata kina kikubwa namna hiyo bila joto kupita kiasi, unahitaji bamba la mwamba lililo nene na lililopoa, lenye mizizi mirefu kama mbuyu. Basi ule ubaridi unaoinyima Lalago mabwawa ya moto ndio uliohifadhi almasi za Mwadui mpaka mlipuko wa kale ulipozipandisha juu. Sijui kama mtu amewahi kuupigia ubaridi makofi, lakini huu unastahili.

Mwisho wa barabara hiyo ni jirani na Oldeani, mlima wa volkano iliyozimika, kando ya Ngorongoro. Kwa siku moja ya safari umetoka kwenye bamba baridi ukafika kwenye Bonde la Ufa. Ukitaka kuelewa kilichotokea katikati, pasua gogo lenye fundo. Shoka linashuka vizuri mpaka lifike kwenye fundo, kisha ufa unagawanyika, mmoja unapita kulia na mwingine kushoto, fundo linabaki zima. Afrika inapasuka namna hiyo, milimita chache kwa mwaka, na fundo ni sisi. Mkono mmoja wa ufa umepita mashariki yetu, mwingine magharibi kwa maziwa ya Tanganyika na Albert, na ndani ya kitanzi wamebaki Wasukuma, Ziwa Victoria na majirani zake. Tandaza ramani uweke nukta kwenye kila maji moto yenye sifa: Bogoria, Magadi, Natron na Manyara kwenye mkono wa mashariki, Sempaya ya Uganda kwenye mkono wa magharibi, na Songwe karibu na Mbeya, pale mikono miwili inapokutana tena. Isipokuwa chache kama ile ya Serengeti, nukta zinauchora ufa.

Ndani ya ufa bamba limevutwa likawa jembamba, kwa hiyo moto umesogea karibu, na nyufa za kupitishia maji zimejaa tele. Ndani ya Hifadhi ya Ziwa Manyara, upande wa kusini, Maji Moto hutoka na nyuzi 60 hivi, nawe unayatazama ukiwa juu ya njia ya mbao. Usichovye mguu: nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache. Kenya wamekwenda mbali zaidi. Olkaria, karibu na Naivasha, wanachimba visima vya mvuke, na tangu 1981 mvuke huo huzungusha mitambo ya umeme; maji yanayobaki wameyatengenezea bwawa la kuogelea ambalo ndilo, kwa maoni yangu, kitu kinachokaribia zaidi mji wa onsen katika ukanda wetu. Tanzania ilianzisha kampuni yake ya jotoardhi, TGDC, chini ya TANESCO mwaka 2013, na maeneo ya Songwe na Ngozi yamo kwenye ramani yake.

Kwa nini visima vya Olkaria vinatoa mvuke wakati kisima chetu kinatoa maji? Jibu lipo jikoni. Maji huchemka pale mvuke wake unapoweza kuisukuma hewa iliyo juu. Lalago iko zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari, hewa ni nyepesi kidogo kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo sufuria yako inachemka kwenye nyuzi 95 au 96, na maharage yanachelewa kuiva. Geuza hoja hiyo kichwa chini. Chini ya safu ya maji ya mita 100, mzigo ni mara kumi na moja ya ule wa hewa pwani, na maji hayatachemka mpaka yafike nyuzi 180 na kitu. Yanakaa humo, ni maji, yamejaa moto, yamefungwa kwa uzito wa wenzao. Ukiyatobolea njia ya kupanda, mzigo unapungua, nayo yanageuka mvuke kwa kishindo. Chemchemi zinazoruka juu kule Bogoria hufanya hivyohivyo zenyewe, bila mchimbaji.

Sasa tuingie majini, maana msafiri hakuja kwa hesabu tu.

Mji wa Kusatsu, Japani, una maji ambayo yakitoka ardhini huzidi nyuzi 50. Hakuna awezaye kuingia. Wangeweza kuongeza ya baridi, lakini wangeyapunguza madini, ambayo ndiyo wageni wameyafuata. Kwa hiyo wana desturi ya zamani: watu husimama kuzunguka bwawa na mbao ndefu, wanaimba na kuyapindua maji, upande huu, upande ule. Wewe unaifahamu sayansi hiyo tangu utotoni. Bibi anapokupoozea uji huumimina kutoka kikombe kwenda kikombe. Kila mmimino unauonyesha uji mpya kwa hewa, sehemu yake inakwenda na mvuke, na mvuke ni mwizi mkubwa wa joto. Hesabu yake ni hii: katika lita 100, lita moja tu ikiondoka kuwa mvuke, zinazobaki zinashuka karibu nyuzi sita.

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayolifanya bafu la moto kuwa tamu na kuwa la hatari. Mwili wako hata ukiwa umetulia huzalisha joto kama balbu ya zamani ya wati mia, na siku ya jua kali huliondoa kwa jasho linalogeuka mvuke. Ukijizamisha kwenye maji ya nyuzi 42 mpaka shingoni, jasho halina pa kukaukia, na maji yana joto kuliko wewe, kwa hiyo mlango wa kutokea umegeuka wa kuingilia. Mwili unajitetea kwa kufungua mishipa ya ngozi. Damu inasambaa, misuli inalegea, maumivu ya mgongo yanatulia, unasikia usingizi. Ukisimama ghafla, damu iliyosambaa inachelewa kufika kichwani, unaona nyota. Kwa hiyo ingia taratibu, dakika kumi zinatosha, toka taratibu, kunywa maji. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha amuulize daktari kabla ya nauli.

Na madini? Maji moto huyeyusha zaidi, ndiyo maana chai inataka maji ya moto. Kwa hiyo kila chemchemi hutoka imebeba habari za miamba iliyopitia. Kusatsu ipo kwenye volkano yenye gesi za salfa. Maji yake ni tindikali kali, pH 2 hivi, karibu na ndimu. Mto unaopokea maji hayo ulikuwa haufai kitu mpaka ulipojengwa mtambo wa kuutia chokaa mwaka 1964, nao hufanya kazi usiku na mchana. Kwetu mambo ni kinyume. Volkano ya Ol Doinyo Lengai hutoa uji wa mwamba uliojaa soda, na maji ya Natron yana pH inayopita 10. Soda hiyo unaijua kwa jina la magadi. Ukiungia mlenda au kulainishia maharage, unashika Bonde la Ufa kwa ncha ya kijiko. Ile harufu ya yai viza kwenye chemchemi nyingi ni haidrojeni salfaidi. Pua ikiacha kuisikia ghafla usifurahi, kwa sababu gesi hiyo ikizidi huua kwanza uwezo wa kunusa. Toka mahali hapo.

Arima, eneo jingine la maji moto la Japani ndani ya jiji la Kobe, lina maji yanayotoka yakiwa maangavu, kisha yanageuka rangi ya udongo yakikutana na hewa. Hiyo ni kutu: chuma kilichoyeyuka kimepata oksijeni. Wajapani wanayaita maji ya dhahabu na kulipia kiingilio. Kisima chenye chuma kikifanya hivyo kwenye ndoo ya mtu wa huku, mwenye ndoo hulalamika kwamba shati jeupe limeharibika. Kemia ni moja.

Watu husema maji moto ni dawa. Kitagata, magharibi mwa Uganda, kuna chemchemi ambayo wenyeji wameipa jina la Mulago, kama hospitali kuu ya Kampala, na wagonjwa huloweka viungo humo. Kwa viungo vilivyokakamaa, joto husaidia kweli; hilo nimeshalieleza. Kwa kunywa, nina neno. Miongoni mwa vitu ambavyo maji hubeba kutoka kwenye matale na miamba ya volkano ni floraidi. Kidogo chake huimarisha meno. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Ukizidi kwa miaka mingi tangu utotoni, meno hupata madoa ya kahawia, na ukizidi sana mifupa hupinda. Simiyu, Shinyanga na Arusha tunawajua watu wa meno hayo. Wala kuchemsha hakusaidii: mvuke unaondoka, floraidi inabaki, na maji yanayosalia sufuriani yana zaidi. Kinachosaidia ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao kituo cha Wizara ya Maji cha Ngurdoto, Arusha, kimeufanyia kazi kwa miaka. Floraidi huupenda mfupa, ukiwa hai au umechomwa. Kijiji kikichimbiwa kisima kipya, kidaini cheti cha maabara kabla ya ngoma na hotuba za uzinduzi.

Limebaki swali la yule mwanafunzi, nalo nakuachia ulimalize mwenyewe. Azima kipimajoto cha maabara shuleni. Piga pampu mpaka maji yaliyolala bombani yaishe, jaza ndoo, tumbukiza, subiri dakika mbili, soma kikiwa bado majini. Fanya hivyo alfajiri, fanya tena saa nane mchana. Hesabu yetu inatabiri kwamba kwa kisima cha mita 100 utapata karibu nyuzi 25 mara zote mbili. Ukipata 40, niandikie haraka, na usimwambie mtu mpaka nifike.